Siki na Maji Baridi

…hujawahi, amesema nesi, hujawahi kupimwa hata mara moja, na amelisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba amevaa blauzi ndani nje, halafu akachomoa kile chuma cha kupanulia, akamfunika shuka mpaka magotini, akasema usishuke mama, kaa hivyo hivyo, namwita daktari naye aangalie, ni hapo mlango wa pili tu, akatoka, na mlango ukarudi wenyewe taratibu, na sasa amebaki peke yake, amelala chali, makalio kwenye ukingo wa kitanda, visigino vimekaa juu kwenye vile vyuma viwili vya kuwekea miguu, anatazama dari, na dari ina kigae kimoja kilichopinda pembeni ya taa, na hajui ashtuke kwa lipi kwanza, kwamba kuna baka au kwamba hajawahi, maana yote mawili yamemwangukia kwa pamoja, la kwanza linatisha, ndiyo, lakini la pili, jamani, la pili linamtoa akili, hajawahi vipi, yeye, ambaye wanawake wote kule kwenye chumba cha kufulia cha hoteli wanamwita Dokta, mwenye kuvimba miguu anamwendea yeye, mwenye kuchelewa siku zake anamwendea yeye, hata yule msimamizi mwenye kujisikia alimvuta pembeni siku moja nyuma ya mashine za kukaushia akamnong'oneza habari za mwasho, na yeye akamwambia la kufanya na mwasho ukaisha, huyo ndiye hajawahi, amezaa watoto watatu, tena hospitali, si chini ya mti, na kila alipozaa mkono uliingia, mkunga wa kwanza, mkunga wa pili, mwanafunzi wa ukunga aliyekuwa anatetemeka kuliko yeye mwenyewe, halafu akawekewa kitanzi cha kupanga uzazi, halafu akarudi kuangaliwa kama kitanzi kimekaa, kwa ufupi kila mtu aliyevaa glovu katika mji huu ameshapita huko ndani, na hivyo ndivyo alivyomjibu nesi leo, kwa kujigamba, nimeshapimwa mimi, tena si mara moja, na nesi akacheka, wakacheka wote wawili, halafu nesi akauliza, ulipimwa kwa siki?

Siki, jamani. Siki anaijua yeye, inakuja kule kufulia kwenye madumu meupe, wanaimwaga kidogo kwenye maji ya mwisho ili mashuka yasikakamae na harufu za watu ziondoke, siki ni kitu chake, akamwambia nesi kwa utani, kwetu siki inatoa doa, na nesi huku anawasha taa yake ndogo yenye shingo ndefu akasema, kwetu inalitoa lionekane, napaka, nasubiri dakika moja, pakiwa pazima panabaki na rangi yake, pakiwa na mabadiliko panakuwa peupe, na yeye akasema haya paka, kama mtu anayeruhusu kumwagiwa maji ya kunawa, maana alikuja kubadilisha kitanzi tu, muda wake umekwisha, siku ya mapumziko, yeye na mdogo wake Kitinda wana mapumziko siku moja, wakaja pamoja, baada ya hapa wapitie sokoni, ndiyo mipango ilivyokuwa, sasa mipango gani tena… nesi alipaka, ubaridi ukapanda mpaka kwenye meno, nesi alikuwa anaongea, alikuwa anasimulia habari za binti yake anayekataa kusuka nywele, halafu katikati ya nywele za binti nesi akasogeza taa, akainama, akasogeza tena, na yeye pale juu, mjinga, mjinga mkubwa, akauliza, kwa hiyo binti ulimnyoa? na nesi hakujibu habari za binti.

Nimeona baka jeupe kwenye mlango wa kizazi, mama. Ndivyo alivyosema. Akaongeza upesi upesi, kwa maneno ambayo bila shaka huwaambia wote, si lazima iwe saratani, mara nyingi ni mabadiliko tu, seli zimeanza kubadilika, na zikiwahiwa zinatibiwa hapa hapa, tunachoma kidogo, unarudi nyumbani kwa miguu yako, lakini sikio la mtu lina tabia yake, kati ya maneno yote hayo lenyewe lilichukua moja tu, likakaa nalo, saratani, saratani, yeye mwenye watoto watatu na mmoja bado anavua soksi popote, mume asiyejua hata sukari inawekwa wapi, saratani, na ulimi ukawa mzito kama kitambaa kibichi, akasema tu lakini mimi nimeshapimwa, akarudia kama mtoto, nimeshapimwa, wakunga walinipima, na hapo ndipo nesi akasema lile la hujawahi, akaeleza, wala hakumdharau, angemdharau ingekuwa afadhali angalau angepata wa kumkasirikia, akasema mkunga alikuwa anatazama njia imefunguka kiasi gani, mtoto atoke, aliyekuwekea kitanzi alikuwa anatafuta pa kupitishia kitanzi, hakuna hata mmoja aliyekuwa anatafuta hiki, na hiki hakionekani mpaka ukitafute… na hilo yeye amelielewa mara moja, ndiyo maana linamuuma, kwani kule kufulia si ndivyo hivyo, yule wa kuhesabu mashuka mlangoni anahesabu tu, shuka liwe na doa liwe na tundu kwake ni moja, ameliona lakini hakuliona, na kesho mgeni analalamika, na yule wa kuhesabu anaapa kwamba shuka lilipita mikononi mwake. Limepita mikononi mwangu. Miaka yote hii yeye amepita mikononi mwa watu.

Nje Kitinda anacheka. Ukuta ni wa mbao nyembamba zilizopakwa rangi, kila kitu kinasikika, benchi lile la nje linalia kila mtu anapojiegemeza, na kicheko cha Kitinda hakihitaji ukuta mwembamba, hicho kinapita hata kwenye zege, toka utotoni, mama yao alikuwa anasema huyu kitinda mimba alizaliwa na kengele kooni, …tena dada yangu huyo humo ndani, anamwambia mtu, mwanamke mwingine wa kwenye benchi bila shaka, huyo ndiye dokta wetu sisi, nesi akikosea atamkosoa! na wanacheka, na yeye humu ndani na miguu juu angependa ardhi ipasuke immeze na kitanda chake, Kitinda nyamaza, nyamaza mwanangu, maana Kitinda ni mdogo wake lakini amemlea, mama alikuwa kazini, yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kusoma saa, akamtafutia kazi kule kufulia, akamfundisha kukunja shuka, wewe mdogo wangu hujui lolote usilofundishwa na mimi, humtania hivyo, na ni kweli, na nesi naye kabla hajatoka aliuliza, huyo anayecheka nje ni nani wako, akasema mdogo wangu, nesi akasema naye apimwe leo, kwani si yupo, na yeye, kwa mdomo ule ule, baka likiwa limeshaonekana, akasema, aa, huyo hana haja, huyo alizaa kwa upasuaji mara mbili, walishamfungua wakamwona, na nesi akamtazama. Alimtazama tu, akavua glovu, akatoka.

Alimtazama kwa nini vile… acha, usifikiri hilo, fikiria lako, una lako hapa, tunachoma kidogo unarudi kwa miguu yako, kuchoma kunauma kiasi gani, kuliko kuungua na pasi haiwezekani, pasi ile kubwa ya mvuke imeshamlamba mkono mara ngapi na bado anakula, na mume amwambieje, atamwambia kwa ufupi, wamekuta kitu kidogo wamekitoa, basi, na asiulize, lakini atauliza, yule huuliza maswali yote wakati mtu anataka kulala… na maswali ya nesi yalikuwa mengi pia, kabla ya kupanda kitandani, unavuta sigara, hapana, ulizaa wa kwanza ukiwa na umri gani, akautaja, unatokwa damu katikati ya mwezi, hapana, unatokwa damu baada ya kukutana na mzee, na hapo alicheka, akasema mimi? hapana, mzee wangu mwenyewe mpole, akacheka, na nesi akatabasamu akasema vizuri, maana hiyo mtu akiiona asingoje, aje siku hiyo hiyo… na mbona alicheka pale, swali halikuwa na kichekesho, mtu anaulizwa habari ya damu anacheka nini, alicheka kwa sababu alikumbuka kitu, kitu cha kuchekesha, kilichekesha chumba kizima, mtu fulani alisema neno hilo hilo na watu wakashika mbavu, ilikuwa wakati wanakunja mashuka, mashuka yale mapana ya vyumba vya juu ambayo hayakunjwi na mtu mmoja, mnashika pembe mbili mbili, mnavuta, mnakutana pembe kwa pembe, mnaachana, mnakutana tena, na mazungumzo yote ya kule huenda kwa mwendo huo, mkikutana mnaongea, mkiachana mnanyamaza kwa sababu mashine zinapiga kelele, kwa hiyo kila habari inakuja vipande vipande, na siku hiyo pembe nyingine zilikuwa mikononi mwa Kitinda.

Kitinda.

Mikono yake imeshika kingo za kitanda, na karatasi iliyotandikwa chini yake inachanika taratibu, anaisikia, na haachi… pembe zikakutana na Kitinda akasema, dada, nimechafua tena shuka, wakaachana, wakakunja, wakakutana, na wala si siku zangu, wakaachana, wakakutana, ni kila nikikutana na shemeji yako, yaani damu, si nyingi, lakini kila mara, na alisema akicheka, Kitinda husema kila kitu akicheka, hata mama alipofariki alipiga simu akianza na kicheko kwa sababu hakujua aanzeje, hilo yeye analijua kuliko mtu yeyote duniani, kwamba kicheko cha Kitinda si furaha, ni mlango tu, unatakiwa uufungue uone kilichopo nyuma yake, na siku hiyo hakuufungua, alivuta shuka, akasema kwa sauti ili wote wasikie, mwambie huyo mumeo apunguze mwendo, hajaambiwa ni mashindano! na chumba kizima kikaangua kicheko, wapiga pasi, wakamuaji, hata yule msimamizi, na Kitinda akacheka kuliko wote, akawa mwekundu wa macho kwa kucheka, halafu pembe zikakutana tena na akasema chini chini, lakini haina neno, eti dada? na yeye akasema, si walikupasua wewe, si walikuona mpaka utumbo, kungekuwa na kitu wangekiacha humo? na Kitinda akasema kweli eti, na uso wake ukatulia, kabisa, kama mtoto aliyefungwa kamba za viatu, na yeye akaongeza, ee Mungu wangu, akaongeza ushauri, ndiyo, Dokta hawezi kumwacha mtu bila dawa, akamwambia shuka usilitie maji ya moto, damu inaganda, loweka kwenye siki na maji baridi, usiku mmoja tu, doa litatoka lote.

Siki na maji baridi. Mdogo wake alimletea damu, yeye akampa dawa ya shuka.

Hapana, ngoja, ngoja kwanza, usikimbilie huko, huenda ilikuwa ni kitu kingine, wanawake wanatokwa damu kwa sababu nyingi, mikwaruzo, vidonge, uchovu, na ilikwisha, si ilikwisha, Kitinda hakuitaja tena… hakuitaja tena kwa sababu aliambiwa haina neno, na aliyemwambia ni dada yake, na dada yake ni Dokta, angeitaja kwa nani, na wala haikwisha, usijidanganye, hujui kwamba haikwisha? nani alimchagulia mashuka? hoteli ilipobadilisha mashuka, yale ya zamani wafanyakazi wakaambiwa wajichukulie, watu wote wakagombania meupe, na Kitinda akanong'ona, dada nitafutie yale ya rangi ya kahawa, iliyokolea, na yeye akampekulia rundo zima, akampatia manne, akamfungia vizuri kwa kamba, akajua kwa nini, huo ndio ukweli wenyewe, alijua kwa nini mtu anataka shuka la rangi ya kahawa, mtu aliyefua mashuka ya watu miaka yote hiyo asijue? alijua akaona ni busara, akaona mdogo wangu ameanza kuwa na akili ya nyumba, na hiyo ilikuwa wakati wa wageni wengi, kabla ya watoto kufunga shule, na shule zimefungwa, zimefunguliwa, zimefungwa tena, na bado Kitinda analalia mashuka ya kahawa. Na amepungua. Juzi tu walikuwa wanamsifia pale kwenye kabati za nguo, sare inamwelea kiunoni, wakamwambia tupe siri, unakula nini, au huli, na yeye dada mtu akashika kile kiuno kwa mikono miwili akasema mwacheni mtoto wa mama anarudi usichana, na alikuwa anajivunia, mikono hii hii ilimshika, ikasikia mifupa ya nyonga, ikajivunia.

Sasa lile baka lake liko wapi… anajitafuta, anatafuta ile hofu ya mwanzo, ile ya saratani na watoto na sukari, na haioni, ipo mahali fulani lakini imekuwa ndogo, imekuwa kitu chenye daktari mlango wa pili na mashine ya kuchomea, unarudi nyumbani kwa miguu yako, amebahatika, nesi hakulitamka neno hilo lakini ndivyo alivyomaanisha, yeye hana damu, hana maumivu, hana kitu, amekuja kwa kitanzi akakutwa mapema kwa bahati kama mtu anayeokota, na yule wa nje mwenye kila dalili amekaa kwenye benchi anashikilia mikoba miwili, wa kwake na wa dada yake, kwa sababu huyo hana haja, huyo walishamfungua, na sasa anajua macho yale ya nesi yalikuwa yanasema nini, yalikuwa yanasema na wewe umewaambia wangapi maneno haya, na jibu ni wengi, yule wa pasi mwenye mapacha aliowazaa kwa kisu alimwambia, mke wa mlinzi alimwambia, lakini hao atawatafuta, ataanza kesho asubuhi kwenye kabati za nguo, atasimama atasema nilikosea na wacheke wakitaka, lakini kwanza huyu, kwanza huyu mmoja, Mungu wangu, waliomfungua walipitia juu, walikuwa wanamfuata mtoto, hakuna aliyekuwa anatafuta hiki… na mlango haufunguki, daktari haji, kwa nini haji, mlango wa pili gani huo usiokuwa na mwisho, na miguu yake bado iko juu, machozi yanashuka kwa pembeni, yanaingia masikioni, ajabu ya kulia umelala chali, yanakuziba masikio, na kupitia maji hayo anasikia benchi linalia, mtu ameinuka.

Dada! Sauti ya Kitinda, iko karibu kabisa na ukuta, ameuegemea bila shaka. Dada, mbona umekawia hivyo, wamekugeuza mgonjwa au umeanza kuwafundisha kazi? Kicheko. Halafu, mi natangulia sokoni, jua litakuwa kali, mkoba wako namwachia huyu mama hapa, utanikuta kwa yule wa vitunguu, sawa?… na yeye anafungua mdomo, na mdomo huu ambao haujawahi kukosa neno, uliochekesha chumba kizima, uliotibu mwasho wa msimamizi, hautoi kitu, unatoa hewa tu, anasikia ndala za Kitinda, zile ndala zinazopiga kisigino, zinageuka kwenye sakafu, zinaanza, na kwenda kwake ni kwenda tu, sokoni, kwa yule wa vitunguu, halafu nyumbani, halafu kitandani kwenye yale mashuka, na kesho wote wawili wako kazini, na kesho kutwa, na mapumziko hayaji mpaka wiki nyingine, na Kitinda atasema wiki ijayo dada, halafu atasema mwezi ujao, akicheka, kwa sababu haina neno, aliambiwa haina neno na mtu anayemwamini kuliko hospitali yoyote… Kitinda, anaita, na haitoki, Kitinda, na inatoka nusu, imepasuka, hajui kama ni sauti yake, halafu anavuta pumzi kutoka huko chini kabisa ambako bado pana ubaridi, na anapiga kelele kama hajawahi kupiga hata wakati wa kuzaa, Kitinda! na ndala zinasimama. Na Kitinda, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hacheki, anauliza nyuma ya mbao, kwa sauti nyembamba aliyokuwa nayo zamani alipoamshwa usingizini, nini dada? wamekuambia nini?… na mlango bado umefungwa, na kitanda ni kile kile, na miguu iko juu vile vile, na yeye anasema usiondoke, rudi, kaa hapo hapo kwenye benchi, akisharudi nesi, wewe ndiye unayefuata.